Je, wajua kwa nini mwenye nyumba nchini Kenya hawezi kumfungia nje mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi?

Katika miji kama Nairobi na Mombasa, mpangaji anayechelewa kulipa kodi hurudi jioni akakuta kufuli la pili mlangoni, stima imekatwa, au mlango wenyewe umeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Wenye nyumba wengi huamini kwamba hiyo ni haki yao kwa kuwa nyumba ni yao na deni ni la kweli. Sheria ya Kenya inakubali yote mawili, yaani kwamba nyumba ni yake na kwamba anadai, lakini haikubali kwamba mambo hayo mawili yanampa ruhusa ya kumtoa mtu kwa mkono wake mwenyewe.

Sababu ni kwamba sheria hutenganisha deni na ukaazi. Haki ya mpangaji ya kukaa ndani ya nyumba hutokana na mkataba wa kupanga, na mkataba huo, uwe umeandikwa au umekubaliwa kwa mdomo tu, hauvunjiki wenyewe siku ambayo kodi inachelewa. Kwa ajili ya deni, mwenye nyumba ana njia ya kale iliyomo katika Sura ya 293 ya sheria za Kenya, inayomruhusu kumtuma dalali mwenye leseni akamate mali ya mpangaji ili kodi ilipwe. Njia hiyo hufidia fedha tu. Dalali akishaondoka na televisheni na kochi, mpangaji bado ni mpangaji, na wala mwenye nyumba hawezi kujifanya dalali akabeba vyombo hivyo mwenyewe.

Anayetaka nyumba yake irudi mikononi mwake hana budi kuanza na notisi, na aina ya notisi hutegemea aina ya upangaji. Mahali ambapo mkataba hausemi muda wala notisi, na kodi hulipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huuchukulia kuwa upangaji wa mwezi hadi mwezi. Kila upande unaweza kuukatisha kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo ni lazima imalizikie siku ya kulipa kodi. Hapa ndipo wengi huteleza, kwani notisi iliyoandikwa tarehe 12 ikimtaka mtu ahame tarehe 12 ya mwezi unaofuata, ilhali kodi hulipwa tarehe mosi, ina kasoro ambayo wakili wa mpangaji ataiona mara moja.

Mkataba wenye muda maalumu ukivunjwa kwa kutolipa, mwenye nyumba anaweza kuusitisha kabla ya muda wake, ila kwanza ampe mpangaji notisi inayoeleza kosa lenyewe na kumpa muda wa kutosha wa kulirekebisha. Muda huo ukipita bure, sheria hiyo hiyo inamruhusu kuingia na kuimiliki nyumba pale tu ambapo hakuna anayeikalia. Ikiwa mpangaji au mtu wake yumo ndani, njia iliyobaki ni mahakama. Kifungu hicho, kwa maoni yangu, ndicho kila mwenye nyumba angepaswa kukisoma kabla ya kununua kufuli. Tena mahakama ina uwezo wa kumwondolea mpangaji adhabu ya kupoteza nyumba. Vilevile mwenye nyumba anayepokea kodi ya kipindi kilichofuata kabla hajafungua kesi huhesabiwa kuwa amelisamehe kosa lile, hata kama fedha ziliingia kimyakimya kwa M-Pesa.

Nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zinalindwa zaidi na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Humo, malimbikizo ya kodi ni sababu halali ya kuomba nyumba irudishwe, lakini jopo linalosikiliza ombi hilo ni lazima liridhike pia kwamba ni jambo la haki kumtoa mpangaji, na mwenye nyumba anayemsumbua mtu kwa makusudi ili ahame anatenda kosa la jinai. Inasikitisha kwamba kiwango hicho kiliwekwa miongo mingi iliyopita, kwa hiyo ulinzi uliokusudiwa kwa watu wa kipato cha chini sasa hauwafikii wengi wao.

Maduka, hoteli na mikahawa vina utaratibu wake chini ya Sura ya 301, ambao hugusa mikataba isiyoandikwa na ile iliyoandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Mwenye jengo anaweza kudai mahali pake iwapo kodi imekaa miezi 2 bila kulipwa tangu ilipostahili kulipwa, au ikiwa mpangaji amezoea kuchelewa. Notisi ni lazima iwe katika fomu iliyowekwa na sheria, itaje sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu ipokewe. Mpangaji hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na akipeleka pingamizi mbele ya jopo la kodi za biashara kabla ya tarehe ya notisi, notisi hiyo haifanyi kazi hadi uamuzi utolewe. Akinyamaza, notisi hushika kama ilivyoandikwa, hata kama alikuwa na hoja nzuri ya kuipinga.