Faili la COM na maana ya 100h

Ukiandika programu ya DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta za PC, kwa lugha ya asembli, kisha ukaipitisha kwenye TLINK, linka ya Borland, kwa swichi ya /t, unapata faili la .COM. Bila swichi hiyo unapata .EXE. Wengi hudhani tofauti ni jina na ukubwa tu. Kumbe /t ni ahadi: programu hii itatosha ndani ya segimenti moja, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu, ya KB 64, na itaanzia anwani 100h (h ni alama ya namba za msingi wa 16).

Linka ndiyo inayochukua vipande vilivyotoka kwenye asembla au kompaila na kuviunga kuwa faili moja linaloweza kuendeshwa. Kuunga si kazi ngumu. Kazi ni kupanga kila kitu kitakaa anwani gani. Faili la COM halina heda, yaani sehemu ya mwanzo ya maelezo kuhusu faili, wala maelezo mengine yoyote. DOS hulisoma, hulimwaga kwenye kumbukumbu jinsi lilivyo, kisha huruka hadi 100h na kuanza kutekeleza.

Kwa nini 100h, yaani 256, isiwe sifuri? Kwa sababu baiti 256 za mwanzo wa segimenti zina mwenyewe. Hapo hukaa PSP, eneo ambamo DOS huweka habari za programu. Kwa mfano, kuanzia 80h utakuta urefu wa maneno uliyoandika baada ya jina la programu, kisha maneno yenyewe. Mpangilio huu ni urithi wa CP/M, mfumo wa Gary Kildall wa enzi za chipu ya 8080, ambako programu nazo zilianzia 100h. Tim Paterson aliufuata alipoandika 86-DOS mwaka 1980, ili programu za CP/M ziwe rahisi kuhamishwa.

Tazama programu hii nzima, baiti 15 tu:

B4 09 BA 08 01 CD 21 C3, halafu herufi za Habari$

Inaandika "Habari" kwenye skrini na kuondoka. Angalia BA 08 01: hiyo inaipa DX, rejista (kihifadhi kidogo ndani ya chipu), anwani 0108h, kwa kuwa chipu ya 8086 hutanguliza baiti ndogo. Ndani ya faili ujumbe uko nafasi ya 8, lakini kwenye kumbukumbu uko 108h. Ukisahau kuandika ORG 100h, agizo la kuiambia asembla ihesabu anwani kuanzia 100h, na anwani zikahesabiwa kutoka sifuri, utapata BA 08 00, na DOS itaanza kukuandikia takataka za ndani ya PSP mpaka ikutane na alama ya dola, inayoonyesha mwisho wa ujumbe. Na hiyo C3 ya mwisho ya msimbo, RET, yaani amri ya kurudi kwenye anwani iliyo juu ya staki (rundo la kumbukumbu la muda), inarudi wapi? DOS huwa imeshaweka sifuri kwenye staki, kwa hiyo RET inaangukia mwanzo kabisa wa PSP, ambako kuna CD 20, amri ya kufunga programu. Ujanja safi sana huo.

EXE ni habari nyingine. Huanza na herufi MZ, za Mark Zbikowski wa Microsoft, na heda yake hubeba orodha ya mahali panapohitaji kurekebishwa. Linka haijui DOS itapata nafasi segimenti gani, hivyo hujifanya programu inaanzia segimenti 0. Wakati wa kupakia, DOS hupita kwenye orodha na kuongeza segimenti halisi kila mahali palipotajwa. Ndiyo maana EXE inaweza kuwa na segimenti nyingi na kuvuka KB 64.

COM haina pa kuweka orodha hiyo. Kwa hiyo msimbo wako ukitaja segimenti kwa jina, kama vile MOV AX, SEG DATA, TLINK itaikataa /t. Usihangaike na swichi hapo: toa mstari huo, kwani katika COM rejista za CS, DS, ES na SS zote huanza zikielekea segimenti moja. Anayetumia ld, linka ya GNU, hutimiza ahadi ileile kwa -Ttext=0x100 pamoja na --oformat binary.