Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda aliyejua kutunza gari

Vijana wanaotuletea magari gerejini hapa Kampala wakijiandaa kwa mbio za magari za Pearl of Africa Rally huanza kwa kuuliza injini itatoa nguvu farasi ngapi. Shokapu huulizwa mwisho, tena pesa zikibaki. Kazi yangu ni shokapu na springi, kwa hiyo huwa nawajibu kwa kuwasimulia habari za dereva wa rali Shekhar Mehta. Wengi wao hawajawahi kumsikia, na jambo hilo linaniuma, maana huyu ni mzaliwa wa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1945 katika familia ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza kushindana mwaka 1966 akiwa na BMW. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika mbio za Safari ya Afrika Mashariki akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia, familia ikahamia Kenya, na ilipofika Pasaka ya 1973 Mehta alikuwa mshindi wa Safari. Ndiyo maana kumbukumbu nyingi zinamwandika kuwa Mkenya. Msimu huo ubingwa wa dunia wa rali ndiyo kwanza ulikuwa umeanzishwa, kwa hiyo Mwafrika wa kwanza kushinda raundi yake alikuwa mtu aliyetoka kupoteza nchi yake miezi michache nyuma. Mimi bado namhesabu kuwa wa kwetu.

Ushindi huo ulikuwa mwembamba ajabu. Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, baada ya zaidi ya kilomita 5,000, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue.

Hapo lazima nieleze Safari ya zamani ilivyohesabiwa, kwa sababu wanaofuata rali za siku hizi wamezoea hatua fupi, yaani vipande vya barabara vilivyofungwa kwa magari mengine, ambako watu huachana kwa sekunde. Safari ya wakati ule ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, pamoja na malori, mabasi na ng'ombe wanaovuka. Kati ya kituo na kituo uliwekewa muda, na mara nyingi muda wenyewe haukuwa wa kibinadamu. Kila dakika uliyochelewa ilikuwa adhabu. Ukiwahi, hupati zawadi yoyote. Sasa piga hesabu: ukikanyaga mafuta kama kichaa unaweza kuokoa dakika mbili, lakini rimu ikipinda au shokapu ikivuja, mafundi watakula dakika ishirini kuirekebisha, na zote zinaandikwa kwako. Aliyeshinda ni yule aliyepoteza kidogo kuliko wenzake.

Na gari hupotezewa wapi? Kwenye shimo, na hasa kwenye namna ya kuliingia. Dereva mchanga akiona shimo hukanyaga breki mpaka analiingia. Breki ikishikwa, uzito wote hukimbilia mbele, pua inainama, springi za mbele zinalala. Gurudumu linafika shimoni halina tena nafasi ya kupanda, kwa hiyo pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Nimeshika mikononi shokapu zilizotoka kwenye magari ya namna hiyo: fimbo imepinda, sili, ule mpira unaozuia mafuta, imekatika, mafuta yametapakaa hadi kwenye rimu. Dereva mzoefu hushika breki mapema na kwa nguvu, kisha anaiachia gari likiwa hatua chache kabla ya shimo. Pua inanyanyuka, springi inafunguka, gurudumu linapata nafasi yake yote ya kufanyia kazi. Mwendo unaweza kuwa uleule, lakini gari moja litamaliza safari na lingine litavutwa kwa kamba.

Kuna na joto. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto, na kwenye barabara ya mabati, ile yenye mawimbi madogomadogo, mafuta yake huchemka, yanachanganyika na hewa na kufanya povu. Povu halizuii kitu. Gari linaanza kurukaruka, na dereva asiyesikiliza huona kama barabara imeharibika zaidi, anazidi kukanyaga.

Tazama basi miaka minne kuanzia 1979. Mercedes walikuja na 450 SLC zenye injini kubwa ya V8 ya lita tano. Mehta alikuwa na Datsun 160J, gari dogo la silinda nne na ekseli ngumu nyuma, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, teknolojia ambayo fundi yeyote wa kijijini angeielewa. Akashinda 1979, Hannu Mikkola akawa wa pili na Mercedes yake. Akashinda 1980, na 1981 akarudia na Datsun Violet GT; miaka yote miwili wa pili alikuwa Rauno Aaltonen. Mwaka 1982 akamwacha nyuma Walter Röhrl, ambaye mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa dunia. Pembeni yake mara zote nne alikaa msaidizi wake, Mike Doughty. Kushinda Safari mara moja, sawa, bahati inaweza kukubeba. Mara nne mfululizo, mvua na vumbi, siyo bahati hata kidogo. Kwangu mimi ule ni ushahidi wa mtu aliyekuwa akisikia gari lake kupitia kiti na usukani, na aliyejua ni kilomita zipi za kupumzisha chuma.

Ajali mbaya nchini Misri, kwenye mbio za Pharaons mwaka 1987, ndiyo iliyomkatisha baada ya takriban miaka ishirini ya kushindana. Hakuuacha mchezo. Aliingia kwenye uongozi, akasimamia tume ya rali ya dunia ndani ya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, na alifariki London mwaka 2006. Carl Tundo wa Kenya alifikisha ushindi wake wa tano wa Safari, sawa na Mehta, mwaka 2018, na anastahili heshima zote, ingawa hakushinda mara nne mfululizo kama Mehta.

Uganda tunamkumbuka Charlie Muhangi, bingwa wa Afrika wa 1999, na ni haki yake. Ningependa jina la Mehta nalo litajwe pale wanapopanga magari kwenye mstari wa kuanzia wa Pearl. Na kijana ukija gerejini, njoo na bajeti ya shokapu kwanza. Habari za injini tutaongea baadaye.