Pafyumu ya gurmandi ni ipi hasa na kwanini inabadilika ukishajipulizia

Naulizwa sana hili neno. Gurmandi limetoka Kifaransa, ni mtu anayependa kula vizuri, kwahiyo unyunyu ukiitwa hivyo ujue umetengenezwa unukie kitu cha kuliwa, vanila, asali, kahawa, chokoleti, karanga za kukaanga. Iliyoutangaza huu mtindo duniani ni Angel ya Mugler ya mwaka 1992, ina kitu kinaitwa ethili maltoli kinachonukia sukari iliyoungua. Ushawahi kukaa jikoni mtu anapika kashata, pale sukari inapoyeyuka ikaanza kuwa ya kahawia na karanga bado hazijamwagwa? Ndo hiyohiyo.

Ila Angel inaingia mlangoni kabla yako. Mi napenda zile za taratibu, ambazo mpaka mtu akukumbatie ndo anasikia, na hata hapo hasemi unanukia pafyumu, anasema unanukia vizuri.

Ninayotumia sasa ni ya vanila na iliki. Dakika kumi za mwanzo ni iliki na ganda la chungwa, kali mpaka unaweza ukadhani umepigwa dukani, lakini vumilia, harufu nyepesi ndo zinaruka kwanza. Baadae inatulia inakuwa kama chai ya maziwa iliyochemka ikafunikwa, hapo ndo patamu jamani, halafu yakipita masaa mawili matatu utamu unapungua inabaki vanila kavu imelala kwenye ngozi, inakaribia kunukia mbao. Vanila ni nzito, haina haraka ya kuondoka.

Sasa sisi wa Dodoma tuna shida yetu, hewa kavu, na ule upepo wa mwezi wa sita wa saba unapausha ngozi kabisa, na ngozi kavu haishiki harufu, unajipulizia asubuhi, ikifika saa nne huisikii tena. Paka kwanza mafuta yasiyo na harufu, Vaseline tu inatosha, ndo upulize. Na dukani usinunue kwa kunusa kikaratasi, hakina joto la mwili wala mafuta ya ngozi yako, puliza mkononi, nenda zako sokoni Majengo kachague nyanya, nusa tena baada ya nusu saa ndo uamue.

Ukitaka ikae zaidi gusisha kidogo kwenye mtandio. Wangu niliuvaa juzi, leo nimeukunjua bado una ile vanila ya mwisho.