Je, wajua kwa nini mji unaoonekana majini si mji uleule uliopinduliwa?

Ukiupiga picha mji wa Singida kutoka ng'ambo ya Ziwa Singidani asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, unapata miji miwili: mmoja juu, mmoja majini. Wengi huamini wa majini ni nakala ya wa juu iliyogeuzwa kichwa chini. Watengeneza mabango wanaamini hivyo kabisa: hukata nusu ya juu, wakaipindua kwa programu, wakaibandika chini. Inapendeza, ila ni uongo, tena uongo unaopimika.

Maji ni kioo kilicholala, na hayajui kamera yako imeona nini. Taswira ya majini ni mji kama ungeonwa na kamera ya pili iliyozama chini ya uso wa maji kwa kiasi kilekile ambacho yako iko juu yake. Pacha huyo anautazama mji kutokea chini, kwa hiyo vya mbele vinamzibia vya nyuma. Laza kioo kipana mezani, simamisha kikombe juu yake, na chupa ya soda nyuma ya kikombe. Ukichungulia kutoka juu, chupa unaiona vizuri. Ndani ya kioo, kikombe kimeimeza.

Sasa tuseme umepanda jabali, kamera iko mita 20 juu ya maji. Mita 300 mbele yako kuna nyumba yenye kimo cha mita 10, na mita 500 kuna mnara wa simu wa mita 20, vimo vyote vikipimwa kutoka usawa wa ziwa. Kwa macho, karibu mita 17 za juu za mnara zinaonekana. Majini haupo kabisa. Mnara ungehitaji kuzidi mita 30 ndipo uchungulie. Shuka hadi kamera iwe mita 1 tu juu ya maji: juu unaona mita 4 za ncha, majini karibu mita 2.7. Miji miwili inaanza kufanana.

Basi teremsha stendi ya kamera. Kuna faida nyingine: maji yakitazamwa wima huakisi asilimia 2 hivi ya mwanga, lakini yakitazamwa kwa mlalo huakisi sehemu kubwa. Ndiyo maana sehemu ya picha iliyo karibu na miguu yako huwa na giza. Kama lenzi yako imevishwa kichujio cha polaraizi, kivue, kwani kazi yake mojawapo ni kufuta mng'ao huohuo.

Fokasi iweke kwenye majengo, kamwe si kwenye jani linaloelea. Taswira iko mbali sawa na mji wenyewe, ingawa jicho linadanganyika kuwa iko pale juu ya maji.

Viwimbi vikianza, kila kimoja ni kioo kilichoinama kivyake, na taa moja hurefuka kuwa mstari unaokuelekea. Usilaumu mkono uliotikisika. Hapo pia hesabu ya mnara haishikiki tena, na mji ulio mbali sana ukipigwa kutoka chini hautoshi kumuumbua mtengeneza bango, kwani hapo miji miwili karibu inalingana.

Singidani ni ziwa la chumvi. Miguu ya stendi iliyozama kwenye tope lake ioshwe kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, hasa kwenye vifungio, la sivyo vitaganda.