Je, wajua kwa nini magwanda ya mabaka hayamfichi mtu mbele ya kamera ya joto?

Jicho la binadamu hupokea mwanga wenye mawimbi ya urefu wa mikromita (yaani elfu ya milimita) 0.4 hadi 0.7 tu, na mabaka ya kijani na kahawia hulihadaa humo. Mwili wenyewe, usiku na mchana, hutoa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, ambayo kilele chake kiko karibu na mikromita 9.5, na kitambaa kikishapata joto la mwili nacho huitoa, kiwe na rangi yoyote ile. Kamera za joto hutazama hasa kati ya mikromita 3 na 5 na kati ya 8 na 14, kwa kuwa hapo hewa huipitisha mionzi bila kuizuia sana.

Hata hivyo, kamera haisomi joto peke yake, bali husoma pia tabia ya uso unaolitoa. Sufuria mpya ya alumini iliyojaa maji ya moto huonekana baridi kwenye kamera hiyo, lakini ukibandika ubavuni mwake kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, kipande hicho huonekana cha moto mara moja, ingawa joto ni lile lile. Sababu ni kwamba utepe hutoa zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayowezekana, ilhali alumini inayong'aa haifiki hata asilimia 10.

Kwa nini basi tusijifunike alumini? Kwa sababu jicho litauona mng'ao wake kutoka mbali. Wahandisi hupanga tabaka za jerimani (elementi ya germanium) na zinki salfaidi ili zirudishe nyuma mionzi ya infraredi, kisha huchagua unene wa tabaka ya juu kabisa, ambao ni mdogo sana, ili mwanga uzae rangi wanayoitaka, kama utando wa mafuta juu ya maji. Wimbi la mikromita 10 ni refu mno kuathiriwa na utando mwembamba hivyo, kwa hiyo rangi hubadilika na sura ya joto hubaki ile ile.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, ni joto lililofungiwa ndani, kwani injini ya gari lililofunikwa hivyo, isiyoweza kulitoa, huzidi kupata moto hadi ijifichue. Suluhisho lake linanivutia kuliko yote: tabaka hizo huundwa zitoe mionzi kwa wingi kati ya mikromita 5 na 8, ambako mvuke wa maji hewani huimeza na kamera hazitazami.

Kuonekana baridi kupita kiasi nako ni hatari, maana uso unaorudisha mionzi ukielekea anga tupu huonekana kama shimo jeusi kati ya vitu vyenye joto. Ndiyo maana mfumo wa Adaptiv, uliotangazwa na kampuni ya silaha ya BAE Systems mwaka 2011, hutumia vibao vyenye pembe sita vinavyopashwa joto au kupozwa kwa umeme ili vilingane na mazingira, na uliweza kulifanya gari la deraya la CV90 lionekane kwenye kamera ya joto kama gari dogo la kawaida.