Gemu ya PS2 ya mtumba: kufika kwenye menyu si kipimo

Mtu akirudisha gemu ya PS2 (PlayStation 2) aliyonunua mtumba, maneno huwa yale yale: "Mbona pale dukani ilifunguka?" Ilifunguka, hakuna anayebisha. Ila kufunguka hakujawahi kuwa kipimo. Na kwa gemu za kuzunguka ulimwengu mzima ukipigana na kutafuta njia, hicho ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote.

"Ikifika kwenye menyu, diski ni nzima"

PS2 ina kumbukumbu kuu ya MB 32 tu. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5. Menyu inapotokea kwenye TV, data iliyomo ndani ya mashine wakati huo haiwezi kuzidi sana hizo MB 32, yaani chini ya asilimia moja ya uwezo wa diski. Ongeza nembo na video fupi ya kufungulia, bado umesoma kipande kidogo. Sehemu kubwa ya kitu unacholipia hujaigusa.

Kwenye gemu ya mpira unaweza kuponea hapo. Mashine inasoma uwanja na wachezaji kabla ya mechi, na baada ya hapo diski haina kazi kubwa zaidi ya sauti ya mtangazaji. God of War II au Grand Theft Auto: San Andreas haziendi hivyo. Ulimwengu wote hauenei kwenye MB 32, kwa hiyo mashine inasoma eneo la mbele huku wewe ukiwa bado unapigana nyuma. God of War imeundwa hivyo kwa makusudi. Hukutani na skrini za kusubiri kila baada ya chumba. Unapita kwenye korido au unasukuma mlango mzito, na muda huohuo lenzi inahangaika kuleta chumba kinachofuata.

Ndiyo maana diski yenye kasoro mara nyingi haitoi ujumbe wowote wa kosa. Mhusika anasimama mbele ya mlango usiofunguka. Muziki unakatika huku mapigano yanaendelea. Kwenye San Andreas, majengo na barabara vinachelewa kutokea, unaendesha gari kuelekea mahali ambapo hakuna kitu. Mchezaji anadhani kuna fumbo hajalitegua, anazunguka nusu saa nzima akitafuta swichi ambayo haipo. Hakuna fumbo. Lenzi inarudia kusoma sehemu ileile na haipati jibu.

Halafu kuna suala la mahali kasoro ilipo. Diski huanza kusomwa karibu na tundu la katikati na kwenda nje. Alama za vidole na michubuko ya kuburuzwa mezani hukaa zaidi kwenye ukingo, kwa sababu hapo ndipo watu wanaposhika. Gemu iliyojaza diski inaweza kwenda vizuri sehemu za mwanzo na kukufia mbele huko.

Na mashine yenyewe pia inapimwa. Lenzi ya PS2 ina leza mbili, moja ya DVD yenye mawimbi ya nanomita 650 na nyingine ya CD ya nanomita 780. Moja inaweza kufa nyingine ikabaki hai, ndiyo maana utakuta PS2 inacheza gemu zote isipokuwa zile zenye uso wa bluu chini, ambazo ni CD. Hata DVD zenyewe hazilingani. Ya tabaka moja inarudisha asilimia 45 hadi 85 ya mwanga wa leza. Ya tabaka mbili inarudisha asilimia 18 hadi 30 tu. Leza iliyochoka itasoma DVD ya kawaida bila kelele, kisha ikikutana na God of War II, iliyotoka mwaka 2007 kwenye diski ya tabaka mbili, inaanza kukwama. Diski inarudishwa dukani bure, wakati mgonjwa ni mashine.

Jaribu hivi, na muuzaji akikataa kukupa muda, ondoka.

Kabla ya kuwasha chochote, igeuze diski chini ya taa kali. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni ina nafuu. Inayofuata mzunguko wa diski ndiyo mibaya, kwa sababu data imeandikwa kwa mzunguko: mkwaruzo unaokata njia unakula vipande vidogo ambavyo mfumo wa kusahihisha makosa unaweza kuvifidia, lakini unaoifuata njia unakula data iliyopangana na hakuna cha kufidia. Pitisha ukucha taratibu. Ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina. Kagua pia duara la plastiki linalozunguka tundu. Ufa hapo, hata mdogo, ni sababu ya kuiacha diski, maana huongezeka kila diski inapozungushwa kwa kasi na unaweza kuipasua ndani ya mashine. Nyufa hizo hutokana na watu kung'oa diski kwenye boksi kwa kuivuta ukingo badala ya kubonyeza kitufe cha katikati.

Baada ya hapo nenda na memori kadi yako yenye seivu tatu (hifadhi za mahali mchezaji alipofikia) za gemu hiyohiyo: ya mwanzo, ya katikati na ya karibu na bosi wa mwisho, yaani adui mkuu. Huna? Muombe rafiki aliyeimaliza akunakilie, kwenye menyu ya PS2 yenyewe ni kazi ya dakika moja. Angalia tu seivu iwe ya toleo la kanda ileile, kwa sababu mara nyingi seivu ya toleo la Marekani haitambuliwi na la Ulaya. Pakia kila seivu, vuka angalau milango miwili mitatu, acha video za hadithi zicheze hadi mwisho bila kuziruka. Mashine iwe imewaka dakika 30 au zaidi, kwa sababu lenzi dhaifu hubadilika tabia ikipata joto. Punguza sauti ya TV usikilize: mlio wa kukwaruza unaojirudia kila sekunde chache ni lenzi inayorudi nyuma na kujaribu tena.

Ikikwama, usitoe hukumu bado. Peleka diski hiyo kwenye PS2 nyingine, na kwenye PS2 ya kwanza weka diski tatu unazoziamini: DVD ya kawaida, DVD ya tabaka mbili na CD ya bluu. Diski ikikwama palepale kwenye mashine zote mbili, diski ndiyo mbovu. Mashine ikikataa tabaka mbili pekee, leza ya DVD imechoka. Ikikataa bluu pekee, ni leza ya CD. Ikikataa zote, anza kwa kusafisha lenzi na kuangalia reli zake kabla ya kununua chochote.

"Dawa ya meno inaondoa mikwaruzo"

Dawa ya meno ni mchanga laini uliochanganywa na sabuni. Chembe zake zimekusudiwa meno, na kwenye plastiki ya diski zinaacha ukungu wa mikwaruzo midogo. Mara moja moja mkwaruzo mwepesi hufifia na diski ikasoma, habari zikasambaa mtaa mzima, na diski kumi zinazofuata zinaharibiwa. Nawasihi, acheni. Diski nyingi zinazoletwa kuwa "mbovu" ni chafu tu: kitambaa laini cha miwani, maji kidogo au spiriti ya isopropili, futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Ikibaki na mkwaruzo wa kweli, mashine ya kung'arisha diski ya fundi ndiyo njia.

Kwenye CD, upande wa kuogopa ni wa juu wenye picha. Data imekaa mara tu chini ya rangi, ikifunikwa na vanishi nyembamba. Inua CD uiangalie kuelekea taa: ukiona vitobo vya mwanga, data ya hapo imekwenda na hakuna wa kuirudisha. DVD ina afueni, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6 kila moja.

"Fundi aongeze nguvu ya lenzi"

Pembeni ya lenzi kuna skrubu ndogo za kurekebisha umeme wa leza. Kuzizungusha kunaisukuma leza ifanye kazi kupita kiwango, inaweza kusoma kwa muda kama mpya, kisha ikafa mapema. Fundi anayeanza na skrubu hizo kabla ya kusafisha hajakusaidia. Utaratibu ni huu: safisha jicho kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo, toa grisi ya zamani iliyoganda kwenye reli na gia, paka nyeupe ya lithiamu kiasi cha kichwa cha kiberiti, jaribu tena. Ikishindikana, badilisha lenzi nzima: KHS-400C kwa PS2 nyingi zile nene, PVR-802W kwa baadhi ya nyembamba. Lenzi mpya kwa kawaida huja na tone la risasi lililounganisha vituo viwili ili kuilinda na umeme tuli. Tone hilo linatolewa kwa chuma cha kuchomelea baada ya kuunganisha waya bapa. Mafundi wengi hulisahau, mashine haisomi kitu, na lenzi nzuri inatupwa.

"PS2 ni PS2, itacheza gemu yoyote"

Soma namba iliyo kwenye diski. SLES na SCES ni za Ulaya, kanda ya PAL (mfumo wa picha za TV), ambayo ndiyo ya huku kwetu pia. SLUS na SCUS ni za Marekani. SLPM, SLPS na SCPS ni za Japani. PS2 ya PAL isiyochipiwa, yaani isiyofungwa chip ya kuruka ukaguzi wa kanda, itaikataa ya Marekani na kukuambia uweke diski ya PlayStation, hata diski ikiwa mpya kabisa. Iliyochipiwa itaifungua, lakini chip haibadilishi TV: gemu ya NTSC (mfumo wa picha wa Marekani na Japani) kwenye TV ya chogo ya PAL inaweza kutoa picha nyeusi na nyeupe au inayopanda juu bila kutulia. Tofauti ya Hz 50 za PAL na 60 za NTSC, yaani mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde, nayo ipo. Toleo la PAL ambalo watengenezaji hawakulirekebisha linakwenda polepole kwa takriban asilimia 17, kwa hiyo likikupa chaguo la Hz 60 mwanzoni, lichukue.

Ukiletewa mashine kutoka Marekani au Japani, tazama kibandiko cha umeme kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa volti 120 au 100 pekee, umeme wetu wa 230 na 240 utaichoma papo hapo.

"Pedi inachelewa"

Mara nyingi ni TV bapa. PS2 kwa waya wa njano inatoa picha yenye mistari inayopishana, TV inachukua muda kuiunganisha, na kukinga pigo kunahitaji kubonyeza wakati uleule adui anaposhusha silaha. Washa hali ya gemu kwenye TV. Kama TV ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu, tumia waya wa komponenti, na kwenye mipangilio ya PS2 chagua Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Kama nakala yako ya God of War II ina 480p (picha isiyo na mistari inayopishana) kwenye mipangilio yake, usiipuuze. Iwashe, inapunguza kazi hiyo ya TV. Au ichezee kwenye TV ya chogo, ambayo kwa gemu hizi bado haijapata mpinzani.

"Flashi ni bora kuliko diski"

Tundu la USB la PS2 ni la toleo la 1.1. Kwa vitendo linapitisha karibu MB 1 kwa sekunde, wakati DVD kwenye mashine hiyohiyo inafika MB 5. Gemu inayosoma bila kupumzika ndiyo inayoumia kwanza, video zinakatika na sauti inaachana na midomo.

"Memori kadi kubwa ndiyo nzuri"

Kadi halisi ni ya MB 8 na ina maandishi ya MagicGate. Za bei rahisi za MB 64 na 128 zinaweza kufuta seivu zote kwa mpigo, na gemu ya saa 30 haina njia ya mkato ya kurudia. Kadi ya PS1 inaingia kwenye tundu lilelile lakini haihifadhi gemu ya PS2. Nunua mbili za MB 8, nakili seivu kwenye ya pili kila unapomuua bosi, na usichomoe kadi wakati alama ya kuseivu bado ipo kwenye TV.