Je, wajua kwa nini mtu mrefu huenda asihitaji fimbo ndefu ya gofu?

Mchezaji wa Arusha au Moshi anayekwenda kupimiwa fimbo kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutaja kimo chake kabla salamu hazijaisha. Anaona mambo ni wazi: mrefu apewe ndefu, mfupi apewe fupi, fundi aandike, tuagane. Fundi ataandika kweli, kwa adabu, kisha atachukua utepe na kuinama chini.

Anachokitafuta ni umbali kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, ukiwa umesimama wima na mikono imening'inia. Fimbo hushikwa kwa mikono, haishikwi kwa kichwa. Mtu wa futi sita mwenye mikono mirefu na mtu wa futi tano na inchi nane mwenye mikono mifupi wanaweza kuwa na vifundo vilivyo sawa kabisa kutoka chini, na fimbo ya urefu mmoja ikawatosha wote wawili. Kwa hiyo nenda na viatu unavyochezea. Soli nene ikiongeza sentimita mbili, kipimo nacho kimeongezeka sentimita mbili.

Tena marekebisho yenyewe ni madogo, mara nyingi nusu inchi hivi. Fimbo ikizidi urefu, kugonga mpira kwa katikati ya uso wa fimbo, yaani upande unaogusa mpira, kunakuwa kazi. Sheria za gofu zenyewe zimeweka kikomo cha inchi 48 kwa fimbo zote isipokuwa ya kusukumia mpira shimoni, na tangu 2022 mashindano ya wachezaji wa juu yanaruhusiwa kuteremsha kikomo hicho hadi inchi 46.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kinachopeleka mipira kushoto au kulia bila sababu inayoonekana mara nyingi si urefu, ni mlalo: ile pembe kati ya mpini na ardhi. Pembe ikiwa wima mno kwa mchezaji, ncha ya kichwa cha fimbo huinuka na kisigino, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mpini, hugusa chini. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira huenda kushoto, hata kama ameulenga uso wa fimbo kwenye bendera. Ncha ikiinama, mpira huenda kulia.

Kwa nini? Fikiria kibanda chenye paa la bati la mteremko mmoja. Mvua ikinyesha, maji hushuka moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa mbele. Sasa inua kibanda chote upande mmoja, uweke matofali chini ya ukuta wa kulia. Hujaligusa bati, lakini maji yameanza kukimbilia kona ya kushoto. Uso wa fimbo ni bati hilo, na mpira hufuata njia ya maji. Angalia pia kwamba paa lililosimama sana, karibu kama ukuta, halibadiliki sana ukiinua upande mmoja; lililolala ndilo linalomwaga maji yote pembeni. Ndiyo maana kosa la mlalo huonekana zaidi kwenye fimbo fupi zenye uso uliolala.

Tuseme ncha imeinuka digrii 3. Kwa hesabu ya umbo tu, draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, yenye uso uliolala digrii 10 kutoka wima, hugeuka nusu digrii hivi. Chuma namba saba cha digrii 32 hugeuka karibu digrii 2, na weji, fimbo fupi ya mapigo ya karibu, ya digrii 48 hupita digrii 3. Kwenye mita 140, digrii 2 hizo za chuma namba saba ni mita nne na nusu hivi pembeni. Mpira halisi haufuati uso peke yake, mwelekeo wa mkono nao una sehemu yake, kwa hiyo zichukue namba hizi kama kadirio.

Na hapa utepe unafika mwisho wa kazi. Uzito wa kichwa cha fimbo haukai kwenye mstari wa mpini, umekaa pembeni, upande wa ncha. Fimbo inapozunguka kwa kasi, uzito huo huvutwa nje, mpini hupinda kidogo na ncha hushuka. Mikono nayo wakati wa kugonga huwa juu kidogo kuliko ulipokuwa umesimama tu. Fimbo iliyokaa vizuri ukipigwa picha inaweza kuwa imeinama ncha pale inapogusa mpira. Fundi mzuri atakuacha upige, tena upige sana.

Unaweza kujichunguza kabla ya kwenda. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uweke mpira chini mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo, kisha piga. Wino utabaki kwenye uso. Ukikatiza mifereji ya uso kwa pembe mraba, mlalo uko sawa. Sehemu ya juu ya mstari ikiegemea ncha, ncha iliinuka. Ikiegemea kisigino, ncha iliinama. Futa, rudia mara kadhaa, kwa sababu pigo moja hudanganya.

Nenda na fimbo zako za zamani, hata kama ni mtumba au ulirithishwa ulipokuwa kedi, mbeba fimbo za wengine. Michubuko chini ya kichwa humwambia fundi upande unaoburuza, na chuma kilichofuliwa kinaweza kupindwa shingoni digrii moja au mbili bila kununua seti mpya. Usijisemee kwamba utasubiri mpaka upige vizuri. Mwenye fimbo iliyoinuka ncha huzoea kulenga kulia ya bendera bila kujijua, na kadiri anavyokawia ndivyo tabia hiyo inavyomkaa mwilini. Ikisharekebishwa, mipira yake huenda ikaenda kulia kwa muda. Fimbo haina kosa hapo.

Siku yenyewe pasha mwili moto kwanza, vaa glavu yako, na piga kama unavyopiga Jumamosi. Kupiga kwa nguvu za kumwonyesha fundi ni kujinunulia fimbo za mtu mwingine. Ukipimiwa Dar es Salaam, mwambie unachezea wapi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Mpira husafiri mbali zaidi na hupinda pungufu. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Mitambo mingi ya kupimia mpira hukubali kuwekewa mwinuko wa kiwanja chako. Muombe aweke kabla hujapiga mpira wa kwanza.